Jinsi ya kutumia vifaa saidizi kurudisha mwendo baada ya kuumia, kwa tulioko Dodoma na vijiji vyake

Ukifunguliwa plasta ngumu baada ya wiki zote zile, mguu wako utaushangaa mwenyewe. Umekonda, ngozi inabanduka, goti halikunji, na ukijaribu kukanyaga unahisi kama mguu wa mtu mwingine. Hapo ndo wengi wanapotea. Mmoja anaogopa, anakaa kitandani mpaka goti linaganda, mwingine anapelekwa kuvutwavutwa na kukandwa maji ya moto kwa nguvu mpaka analia, na mwingine ananunua kila kifaa anachokiona kwenye simu akiamini kifaa ndo kitamponya. Naandika hii kwa ajili ya hao wote, na zaidi kwa mke, kaka au mama anayeuguza maana mara nyingi ndo yeye atakayesoma.

Ushike jambo moja tu kabla hatujaenda mbali. Kifaa chochote, liwe gongo la mbao au mashine ya umeme ya bei mbaya, kazi yake ni kukuwezesha kufanya mwendo ambao bila hicho kifaa usingeufanya salama. Mwendo unaufanya wewe. Na ili ukuwezeshe lazima kiwe kimepimwa kwenye mwili wako, na kwenye njia unayopita kila siku, sio mwili wa shemeji yako aliyekuazima.

Cha kwanza: uliza unaruhusiwa kukanyaga kiasi gani

Kabla hujanunua kitu nenda kwa daktari wa mifupa au mtu wa fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) umuulize wazi kabisa, "Dokta shikamoo, mguu huu naruhusiwa kuukanyaga kiasi gani, na kuna upande wowote nisiukunje?" Usiondoke na jibu la "tembea taratibu", hilo halitoshi. Majibu ya kawaida ni kama haya: usikanyage kabisa, gusa tu chini bila kuweka uzito, weka uzito kidogo wa kilo kadhaa, au kanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mfupa wa muundi uliovunjwa na bodaboda ukapigwa chuma ndani una ruhusa yake, na ule uliofungwa plasta tu una ruhusa nyingine, kwahiyo usiige ya jirani hata kama mlipata ajali siku moja.

Ukiambiwa uzito kidogo, tuseme kilo 20, kilo 20 mguuni utazijuaje? Chukua mizani ile ya kukanyaga, iweke chini, pembeni yake weka vipande vya mbao vyenye kimo kilekile cha mizani. Mguu mzima ukae juu ya mbao, mguu unaouma juu ya mizani, magongo yote mawili mkononi, alafu kandamiza taratibu mpaka isome 20. Kaa hapo kidogo usikie inavyokuwa. Rudia rudia mpaka uweze kuifikia bila kuangalia chini. Kama mizani nyumbani hakuna, omba uifanye zahanati. Hili zoezi ni la dakika chache, ila kwa maoni yangu linazidi mashine nyingi za bei.

Magongo, na hapa tukae kidogo

Gongo lisilo kipimo linaumiza. Vaa kiatu utakachotembelea, simama wima kwa kuegemea ukuta au mtu, weka mguu wa gongo kama sentimita 15 pembeni ya vidole vyako na 15 mbele. Juu, kati ya kwapa na kichwa cha gongo, viingie vidole viwili au vitatu. Mshikio uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umening'iniza mkono, ili ukishika kiwiko kikunjike kidogo tu, nyuzi 20 au 30 hivi. Magongo mengi ya mbao yana matundu na skru yenye nati za kipepeo, unafungua unapandisha au unashusha, hakikisha yote mawili yapo tundu sawa.

Alafu uzito unaenda kwenye viganja. Sio kwapani! Nimesisitiza kwasababu naona watu wananing'inia kwenye magongo kama wamechoka, na kwapani pale kuna mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, ukiibana siku baada ya siku mkono unaanza kufa ganzi na kifundo kinalegea mpaka hunyanyui kiganja. Ulikuja na mguu, sasa una mguu na mkono. Kichwa cha gongo kinabanwa na mbavu, kinakaa pembeni ya kifua, basi.

Kutembea: magongo mbele, ufuate mguu unaouma, alafu mguu mzima umalizie. Hatua fupi. Kwenye ngazi mpangilio unabadilika, kupanda unatanguliza mguu mzima halafu magongo na mguu mgonjwa vinafuata, kushuka magongo na mguu mgonjwa vinatangulia alafu mzima unafuata. Mguu mzima ndo wenye nguvu ya kukuinua na ndo wenye nguvu ya kukushusha polepole, ukikumbuka hivyo hutachanganya. Kama kuna bomba la kushikia, magongo yote weka upande mmoja na mkono mwingine ushike bomba, na anayekusaidia akae chini yako wakati wa kupanda na wakati wa kushuka pia akae mbele yako, chini.

Sasa huku kwetu kuna mchanga. Ukitoka lami ukaingia mitaa ya ndani kule Nkuhungu, Chang'ombe au Nzuguni, gongo linazama na linateleza, na kijijini Bahi au Chamwino ndo usiseme. Raba ya chini ya gongo iangalie kila wiki, ikishakuwa laini bila mistari badilisha. Zikikosekana madukani fundi viatu anaweza kukukatia mpira wa tairi, mwambie awe mpana kidogo na uso wake uwe bapa, maana mpira mpana hauzami haraka. Futa vumbi kabla hujaingia kwenye nyumba yenye marumaru, vumbi kavu juu ya marumaru linateleza karibu sawa na maji. Na mtu wa miaka mingi ambaye mikono haina nguvu, mpe woka, ile fremu ya miguu minne ya kushikilia, badala ya magongo, ila woka inataka sakafu tambarare, kwenye mchanga inakuwa mzigo, kwahiyo ndani woka na nje asindikizwe.

Ukiruhusiwa kubaki na gongo moja au fimbo, lishike mkono wa upande wa pili na mguu unaouma. Mguu wa kulia unauma, fimbo mkono wa kushoto. Watu karibu wote wanafanya kinyume na wanabishana, lakini fimbo ya upande wa pili inaenda mbele pamoja na mguu mgonjwa na inaipunguzia nyonga kazi ya kubeba mwili. Upande uleule inakufanya uinamie mguu unaouma.

Choo

Hakuna anayeuliza hospitali kuhusu choo na ndo sehemu watu wanaangukia. Choo chetu cha kuchuchumaa kinataka goti likunje sana, zaidi ya nyuzi 110, na wewe baada ya plasta una labda 60. Muite fundi seremala akutengenezee kiti kizito cha mbao chenye tundu katikati, kinawekwa juu ya tundu la choo. Kiti cha plastiki usikitoboe, ukikata katikati kinapoteza nguvu, miguu yake inafunguka na wewe unadondoka. Kimo cha kiti kiwe kile ambacho ukikaa nyayo zote zinagusa chini. Ukutani apigilie mti imara wa kushikia upande wa mkono wenye nguvu, na sakafu iwe kavu muda wote. Usiku taa, hata ya simu.

Goti lililoganda

Kaa kwenye sakafu ya saruji au kitandani, miguu umenyoosha, weka mfuko wa nailoni au kitambaa laini chini ya kisigino, vuta kisigino kuelekea makalio mpaka unahisi mvuto, shikilia ukihesabu mpaka kumi, rudisha. Ukitaka kusaidia pitisha khanga au shuka chini ya unyayo uvute kwa mikono. Chora alama kwa chaki pale kisigino kilipofika, na kesho anzia hapo. Hiyo alama ya chaki ni kipimo halali kabisa, usidharau.

Na kunyoosha kuna watu wanasahau. Goti lisilonyooka vizuri litakufanya uchechemee hata likikunja vizuri, kwahiyo weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti libaki hewani, kaza paja kama unataka kubonyeza goti chini, dakika tano hivi mara kadhaa kwa siku. Usilale na mto chini ya goti hata kama ni raha.

Ili uwe na picha ya unakoelekea, kutembea kawaida kunahitaji goti likunje kama nyuzi 60 hivi, kuinuka kwenye kiti kunataka 90 na kidogo, kuchuchumaa ndo kule juu zaidi. Maumivu ya kuvuta wakati wa zoezi ni kawaida, ya nne kwa kumi hivi, mradi yatulie. Kama kesho yake asubuhi goti limevimba zaidi na maumivu hayajashuka, jana ulizidisha, punguza, usiache.

Barafu inasaidia baada ya mazoezi, ile ya kwenye mifuko dukani inatosha, ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 mpaka 15, usiweke moja kwa moja kwenye ngozi na usiweke penye ganzi.

Simu yako ni kifaa cha fizio

Huenda umekaa nayo mkononi na hujawahi kufikiria. Kwanza video. Muombe mtu akurekodi ukitembea, mara moja kwa mbele na mara moja kwa pembeni, simu ikae kimo cha kiuno, sehemu ileile na mwanga uleule kila wiki. Utaona mwenyewe kama unainamia upande mmoja au hatua moja ni fupi, na mtu wa fizio ukimtumia WhatsApp ataona vitu ambavyo kwa kumsimulia tu hawezi kujua. Kama unatoka Mpwapwa au Kondoa, nauli ya kuja mjini kila wiki inauma, kwahiyo siku ya kwanza kliniki muulize kabisa kama anakubali kupokea video, wengine wanakubali.

Pili kipimo cha nyuzi. Simu nyingi zina apu ya kupima usawa, ile mafundi wanayotumia badala ya pima maji. Lala kifudifudi miguu imenyooka, mtu alaze simu juu ya kigimbi ikiwa imesoma sifuri, alafu kunja goti kadiri unavyoweza, simu inakusomea umekunja nyuzi ngapi. Ikipita 90 baadhi ya apu zinaanza kuhesabu kurudi nyuma, hapo tumia picha ya pembeni tu. Muhimu mkao uwe uleule kila siku la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Tatu kengele. Weka alamu mara nne kwa siku, mazoezi mafupi mara nyingi ni bora kuliko saa nzima Jumamosi. Kuhesabu hatua kwa simu usikuamini sana wakati una magongo, mwendo wa polepole simu inaupunja.

Mashine za umeme na nyingine mnazoziona mtandaoni

Kuna mbili ndogo zinafanana, pedi za kubandika na waya, lakini kazi ni tofauti. TENS ni ya kupunguza maumivu, haijengi msuli. Nyingine ni ya kukaza misuli, na hii kwa paja lililolala baada ya upasuaji wa goti inasaidia kweli, ila ukiwa umelala unaangalia tamthilia inafanya kazi nusu. Umeme ukija na wewe kaza paja kwa nguvu zako zote, umeme ukiachia na wewe pumzika. Ndo siri yake. Usitumie hata moja kama una kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, usibandike shingoni mbele, usibandike penye kidonda au penye ganzi, wala penye saratani, na mama mjamzito asibandike tumboni au mgongoni. Hospitali ukipelekwa kwenye mashine ya joto la mawimbi sema mapema kwamba una vyuma ndani, hiyo inaweza kuvichemsha.

Ile mashine inayokunja na kukunjua mguu yenyewe ukiwa umelala, watu wengi wananiuliza waipate wapi. Tafiti kwa waliobadilishiwa goti zimeonyesha faida inayoongezwa juu ya mazoezi ya kawaida ni ndogo sana, kwahiyo kama hujaipata usione umenyimwa matibabu. Na zile bunduki za masaji usiziweke juu ya mfupa uliovunjika wala kwenye kigimbi kilichovimba.

Bega na mkono

Bega: kamba ya katani na kapi ndogo ya kisimani, au kamba tu juu ya tawi laini la mwembe au boriti imara. Kaa chini yake, kila mkono ushike ncha moja, mkono mzima uvute chini na mgonjwa upande wenyewe juu bila kujikaza. Kwenye nyumba ya tembe angalia boriti kwanza kama haijaliwa na mchwa.

Kiganja na vidole vinapona kwa kazi za nyumbani kuliko mpira wa dukani, hilo naliamini kabisa. Kanda unga wa chapati, menya karanga, chambua mchele, kamua nguo kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kama kiganja kimelegea hakinyanyuki kwasababu ya mshipa wa fahamu, unahitaji kishikizo cha kifundo kikae kimenyooka wakati mshipa unapona, la sivyo misuli ya upande mmoja inavutika na ya upande mwingine inafupika vibaya.

Unyayo unaoburuza na kiti cha magurudumu

Ukiumia mshipa wa fahamu chini ya goti, au mgongo, unyayo unaweza kulegea ukawa unaburuza vidole. Kuna kishikizo cha plastiki kinachotengenezwa kwa kipimo cha mguu wako, kinaingia ndani ya kiatu. Kandambili hakifanyi kazi, tafuta kiatu cha kufunga cha mtumba, upande huo namba kubwa kidogo. Siku za mwanzo vaa saa moja, vua, angalia ngozi. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa maana yake kinabana, rudisha kirekebishwe. Anzia kuuliza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoita General, au Benjamin Mkapa kule UDOM, wakiona unahitaji kikubwa zaidi kama mguu bandia wanaweza kukuelekeza hospitali ya mifupa ya MOI au ile ya CCBRT, zote Dar, siku hizi kwa treni ya SGR safari haiumizi kama zamani, au hospitali ya KCMC Moshi ambako kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia.

Kiti cha magurudumu: upana wa kiti uwe sawa na nyonga zako, sio kiti ambacho wewe na mtoto mnaenea. Nyuma ya goti na ukingo wa kiti viingie vidole viwili. Nyayo zikae zote kwenye kikanyagio, na kikanyagio kisiguse mawe chini. Kwa njia zetu kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele mbali kinapita vizuri kuliko vile vya korido za hospitali. Tairi za upepo zinalainisha njia ila miiba ya Dodoma inazitoboa, tembea na pampu na viraka, fundi baiskeli yeyote anaweza kuziba.

Aliyeumia mgongo akapoteza hisia, mto ni wa lazima kuliko hata kiti, na sio ule wa duara wenye tundu katikati, ule unabana damu pembeni. Kila baada ya dakika 20 au 30 ainame mbele au pembeni akae hivyo kidogo ili makalio yapate damu. Jioni mtu amwangalie makalio na visigino, kidonda cha kukaa kinaanza na wekundu mdogo tu na kinaua watu, nasema kweli kinaua. Joto la Oktoba na Novemba jasho linazidisha, kausha ngozi.

Acha mazoezi uende hospitali leo, sio kesho, ukiona kigimbi kimevimba upande mmoja kina joto na kinauma, au pumzi inabana ghafla, au usaha unatoka penye vyuma, au homa, au vidole chini ya plasta vimekuwa vya bluu na ganzi.

Kuachana na kifaa

Usikae na magongo kwa mazoea. Mfupa ukishakubaliwa kwenye eksrei, kutoka mawili nenda moja, kutoka moja nenda fimbo, kila hatua ikae mpaka utembee ndani ya nyumba bila kuchechemea. Ukichechemea baada ya kuacha fimbo, rudi kwenye fimbo wiki nyingine, kuchechemea kunageuka tabia na kunaumiza mgongo. Jaribu kusimama kwa mguu uliopona peke yake karibu na ukuta, ukiweza sekunde kumi bila kuyumba upo vizuri kujaribu kwenda sokoni bila kitu, ila nenda asubuhi kabla Majengo hakujajaa.

Na magongo yakishakaa bure usiyaweke darini. WHO na UNICEF kwenye ripoti yao ya 2022 walisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwenye baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu, kwahiyo mtaani kwako kuna mtu anayasubiri. Badilisha raba, kaza nati, futa mshikio kwa sabuni, alafu ukimpelekea mpime hapohapo akiwa amevaa viatu vyake, usimwachie yakiwa kwenye tundu lako.